Akiba Yenye Kwato: Farasi wa Hitima

Wanaume kumi na mmoja walikuwa wamefungua viganja kuomba dua, na nyuma yao Nurzat amesimama na birika la maji ya moto, mdomo wazi. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua wapo waliokasirika, maana barua zenu nimezisoma. "Aseme!" mmeandika. "Aseme huyo farasi ni wake!"

Kwa aliyeshika gazeti leo kwa mara ya kwanza, habari ni hii. Nurzat ana miaka ishirini na sita, anashona majaketi kiwandani Bishkek, mji mkuu. Kwa miaka mitano akiba yake hakuiweka benki. Alinunua farasi majike, akawaacha kijijini kwa Toktosun, kaka mkubwa wa marehemu baba yake. Watatu, kwa hesabu zake. Amekuja kijijini kwa mambo mawili: Ijumaa ni hitima ya mwaka ya baba yake, na Jumamosi awapeleke farasi wote watatu mnada wa Kochkor, ili Jumatatu kabla ya saa sita mchana alipe arubuni ya som laki nne kwa fleti ya chumba kimoja mjini. Sasa ni Alhamisi asubuhi. Farasi aliyelazwa chini, miguu imefungwa, kisu kando ya shingo, ni wake. Amemjua kwa mguu wa nyuma mweupe.

Msimcheke. Nani kati yenu hajawahi kutuma hela nyumbani anunuliwe ng'ombe, au kiwanja, au mifuko ya saruji? Mimi mwenyewe nina kondoo wanne huku kwa rafiki yangu. Nilionyeshwa picha.

Haya, alisema?

"Amin," alisema Nurzat.

Aliweka birika chini, akapitisha viganja usoni pamoja na wanaume wale. Angesemaje? Kusema farasi ni wangu mbele ya watu kumi na mmoja ni kusema baba yangu hastahili farasi. Kisu kikapita. Nurzat akangoja hasira ije. Akangoja na machozi. Hakuna kilichokuja, akaona tu kwamba birika limeacha duara kwenye barafu nyembamba ya asubuhi.

"Binti, maji!"

Toktosun alinyoosha mikono yake mipana. Nurzat akamimina.

"Ba'mkubwa, huyu farasi..."

"Mnono, eh? Subiri tufike kwenye mbavu. Mafuta vidole vinne, nakuapia. Baba yako angefurahi."

"Ni yule niliyetuma hela anunuliwe mwaka wa kwanza."

"Mimina vizuri, mwanangu, unanilowesha shati."

Basi. Mazungumzo yote ya farasi wa laki moja na arobaini ndiyo hayo.

Kuosha matumbo ni kazi ya wanawake, na huoshwa mferejini, kwenye maji yanayoshuka kutoka kwenye theluji. Nurzat alichuchumaa upande mmoja, mama yake Anarkul upande wa pili, beseni katikati. Bi Anarkul alikuwa amevaa kitambaa cheusi tangu mwaka jana, na kesho baada ya hitima angekivua.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungesema nini? Hapana? Kwa hitima ya baba yako? Ungesema ndiyo. Basi nimekupunguzia gharama ya simu."

"Si kulikuwa na ng'ombe?"

"Ng'ombe!" Mama yake aliinua kichwa kama aliyetukanwa. "Mke wa Sagyn alimchinjia mumewe ng'ombe. Mpaka leo watu wanauliza kama walikuwa wanapendana wale."

"Ile ilikuwa nyumba yangu, Mama."

"Nyumba utapata nyingine. Baba humpati." Macho ya mama yalikuwa mekundu, lakini mikono haikusimama. "Geuza huo utumbo. Bado una uchafu."

Nurzat aliugeuza. Vidole vilikuwa vimekufa kwa baridi, kisha viganja, kisha ganzi ikapanda mpaka kwenye viwiko. Mama alimwambia atoe mikono apumzishe kidogo. Hakuitoa. Hakuona tofauti.

Miaka mitano, wasomaji. Chai na mkate chumbani na wasichana watatu. Koti lile lile kila majira ya baridi, na huyo ni fundi wa makoti. Harusi za wenzake alizikwepa kwa kusema anaumwa, mpaka wakamwita Mgonjwa. Wakati wenzake wakinunua simu mpya kwa malipo ya kila mwezi, yeye alikuwa akisema, simu haizai. Na alisema kweli, simu haizai. Lakini simu haichinjwi pia.

Ijumaa watu walijaa uani. Mahema mawili ya kukodi, mchele, maandazi yamemwagwa mezani toka upande huu hadi ule, chai isiyokauka. Kisha nyama ikaletwa, na nyama huku haigawiwi ovyo. Kila mfupa una mtu wake. Nyonga ni ya mzee mkubwa kuliko wote, mbavu za wakwe, na binti kama Nurzat hupata chochote kitakachobaki.

Toktosun akasimama, sinia mkononi. Akapita wazee wote. Akaja mpaka mlangoni, alipokuwa amekaa Nurzat na birika la chai, akaweka nyonga mbele yake.

Hema zima likageuka.

"Ndugu zangu," alisema Toktosun, na machozi yalimlengalenga, "farasi mnayemla leo hakutoka kwangu. Ametoka kwa huyu. Mtoto wa kike! Wapo watu wana watoto wa kiume wanne na hitima zao zimepita na kondoo. Huyu ameshona usiku na mchana huko mjini, akamtolea baba yake farasi!"

"Mungu akuzidishie, binti!"

"Marehemu amezaa, jamani!"

"Kula, mwanangu, kula!"

Mnaona mchezo ulivyochezwa? Mimi niliposimuliwa niliweka kikombe chini. Jana farasi alichukuliwa, leo ametolewa. Na anayeukubali mfupa mbele za watu ameridhia, hakuna kesi tena, si kwa mzee, si kwa sheikh, si kwa polisi. Kuurudisha ni kumtemea marehemu. Lakini pia, na hili nalo nalisema, machozi ya Toktosun yalikuwa ya kweli. Alimpenda mdogo wake. Mtu anaweza kukuibia huku analia, na vyote viwili vikawa vya kweli.

Nurzat alikata kipande, akakitia mdomoni, akatafuna. Hakikuwa na chumvi wala ladha. Alimeza.

"Tamu?" aliuliza mama yake kwa wasiwasi kutoka upande wa wanawake.

"Tamu, Mama."

Wageni walipoanza kuondoka, kila mmoja alitoka na fungu lake la nyama kwenye mfuko wa plastiki, maana hairuhusiwi kumwachia mwenye hitima kile ulichopewa. Na nani anasimama getini kugawa mifuko? Binti wa marehemu. Nurzat aliigawa kwa mikono miwili, kwa adabu, akiinamisha kichwa. Ilikuwa mifuko ya bluu, tisini na kitu. Wazee walimbusu kwenye paji la uso. Wanawake walimwambia atapata mume mwema. Akasimama akiutazama ule ubluu ukishuka barabarani mpaka ukaisha.

Jioni jua likiwa bado juu ya paa la zizi, alimfuata Toktosun, aliyekuwa ameketi kibarazani akichokonoa meno.

"Ba'mkubwa, kesho nataka kuwapeleka mnadani wale wawili waliobaki."

"Wawili?"

"Wawili."

"Yupo mmoja, mwanangu. Yule mwekundu."

"Na wa Machi? Machi nilituma laki moja na thelathini."

"Kwa nani? Mimi Machi sijapokea hata som moja."

Nurzat alikuwa ametuma kupitia kwa mdogo wake wa kiume, Eldiyar, kwa sababu simu ya Toktosun huwa haina mtandao. Na Eldiyar wakati huo alikuwa palepale uani, anafuta vumbi kwenye gari jeupe. Kitambaa kikasimama kwenye kioo.

"Dada, nilitaka kukuambia."

"Hela ya farasi iko wapi?"

Kijana akapapasa boneti kama anavyopapaswa mnyama. "Si umeipanda juzi kutoka Bishkek? Ukasema viti vizuri."

Kweli alisema. Alisema na kuongeza kwamba halina kelele.

"Nilidhani la kukodi."

"Nililitolea malipo ya kwanza. Mengine nalipa kila mwezi. Dada, nisikilize. Farasi anakula. Gari linaingiza. Napiga teksi Naryn na kurudi mara mbili kwa siku. Mwaka mmoja tu nakurudishia na juu yake."

"Liuze."

"Siwezi, si langu, ni la wenye mkopo. Nikichelewa siku tatu wanalizima wao wenyewe, huko huko ofisini. Limeshazimwa mara moja, nipo katikati ya mlima na abiria wanne."

"Msigombane siku ya baba yenu," alisema Bi Anarkul kutoka dirishani.

"Hatugombani, Mama," alijibu Nurzat.

Na hakuwa anasema uongo. Alimtazama mdogo wake, ndevu zake chache, viatu vyake vipya, akaona anamfahamu vizuri. Alikwenda nyuma ya zizi akapiga simu Bishkek, kwa Tamara Petrovna, ajuza mwenye fleti, anayehamia kwa binti yake Urusi.

"Binti, umeshauza hao farasi wako?"

"Bibi, laki nne sina. Nitakuwa na laki moja na nusu. Zilizobaki nipe mpaka Mwaka Mpya, nitachukua zamu mbili kiwandani."

"Kuna kijana amekuja leo. Ana hela mkononi. Mvulana mzuri, ila alikagua kabati zangu bila kuomba ruhusa."

"Bibi..."

"Laki moja na nusu. Jumatatu, kabla ya saa sita mchana. Ikipungua elfu moja, usije hata kunywa chai."

Nurzat alikuwa na elfu kumi na mbili kwenye pochi. Farasi mwekundu angetoa laki moja na arobaini, akibahatika. Inatosha, jamani! Kwa kubana, kwa kurudi mjini bila nauli labda, lakini inatosha. Fleti ya chumba kimoja, ghorofa ya tatu, yenye mlango unaofungwa kwa ufunguo mmoja na ufunguo huo ni wako, sasa imesimama juu ya farasi mmoja.

Akarudi kibarazani. "Ba'mkubwa, nisindikize kesho. Hati ya daktari wa mifugo ina jina lako."

"Sawa, mwanangu," alisema Toktosun. "Tutamuuza."

Alikubali upesi mno. Mimi ningeshtuka. Nurzat hakushtuka, maana siku mbili zile kushtuka kulikuwa kumemwishia. Alilala saa mbili usiku, akalala kama gogo.

Jumamosi kunapambazuka walikuwa Kochkor. Mnadani pumzi za watu na wanyama zilipanda pamoja, na mtu hakuweza kusikia mwenzake bila kupaza sauti. Farasi mwekundu alisimama kwa utulivu, hatamu yake ya kamba mkononi mwa Toktosun. Hawakukaa dakika kumi akaja mnunuzi, mwanamume mfupi mwenye koti la ngozi, akafungua kinywa cha farasi, akahesabu meno, akainua kwato.

"Laki na ishirini."

"Kwa bei hiyo nenda kanunue punda," alisema Toktosun. "Laki na sitini."

"Laki na sitini ana mabawa?"

Hapo ndipo dalali alipojitokeza, kama wanavyojitokeza, hakuna aliyemwita. Alikuwa mtu mrefu mwenye kofia ya manyoya na sauti iliyokwisha kwa kupiga kelele. Aligusa farasi shingoni, ubavuni, akazunguka upande wa pili, akarudi. Akakamata mkono wa mnunuzi, akakamata mkono wa Toktosun, akaigonganisha.

"Laki na thelathini na tano! Sema!"

"Hamsini!"

"Thelathini na nane, nikiongeza mke wangu ataniacha!"

"Arobaini! Arobaini na tumalize, watu wana njaa!"

Mikono ikapanda na kushuka mara tatu. Laki moja na arobaini. Nurzat alijumlisha na elfu kumi na mbili za pochini. Inazidi kwa elfu mbili. Nauli ipo.

Mnunuzi akatoa bunda. Toktosun, bila kumwangalia Nurzat, akanyoosha mkono wa kushoto ulio huru. "Nipe mimi."

"Ba'mkubwa?"

"Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani hapana. Nina basi saa nne."

Alipoona Nurzat amemkazia macho, Toktosun akasema taratibu, bila ubaya wowote, kama anayemweleza mtoto. "Mwanangu, hitima imekula. Mchele, unga, mahema mawili. Nimekopa dukani elfu tisini, na mwenye duka yupo hapa hapa mnadani ananisubiri. Zinazobaki ni za nyasi. Miaka mitano wanyama wako wamelala kwenye zizi langu. Umewahi kutuma hela ya nyasi?"

Nurzat alipiga hesabu. Hakuwahi. Alituma hela ya farasi wa kwanza, hela ya farasi wa pili, hela ya farasi ambaye hakuwahi kuzaliwa. Nyasi hakuwahi hata kuuliza zinauzwaje. Alidhani farasi ukishamnunua amenunuliwa.

"Fleti utapata mwaka kesho," alisema Toktosun. "Fleti haziishi Bishkek. Wanajenga kila siku."

Na pengine mambo yangeishia hapo, na mimi ningeweka kalamu chini, na Nurzat angerudi kwenye cherehani yake. Lakini dalali hakuwa ameiachia mikono. Mnunuzi hapokei hatamu mpaka mwenye mnyama atamke kwamba ameridhia. Bila neno hilo mnyama hakai, hanenepi, hazai. Dalali anayejiheshimu hapokei ujira wake kabla hajalisikia, na huyu alijiheshimu.

"Haya," alisema kwa sauti yake iliyokwisha. "Mwenye farasi ni nani?"

"Mimi," alisema Toktosun.

"Mimi," alisema Nurzat.

Alisema kwa sauti ndogo, lakini alisema, na mkono wake ulikuwa umeshatua juu ya mikono ya wale wanaume watatu. Watu wa karibu waligeuka. Dalali alimtazama msichana, akamtazama mzee, kisha akavikusanya vidole vya Nurzat pamoja na vingine vyote na kubana. Alibana kwa nguvu za mtu aliyebana mikono ya wakaidi miaka thelathini. Iliuma. Iliuma mpaka begani, na macho ya Nurzat yakajaa maji hapo hapo mbele za watu, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Hati ina jina langu," alisema Toktosun.

"Hela ilikuwa yangu," alisema Nurzat, akamgeukia dalali. "Mjomba, muulize. Muulize hela ilitoka wapi."

"Mimi siulizi hati wala hela," alisema dalali. "Hati inaandikwa, hela inakopwa. Huyu farasi, upande wa kulia, chini ya manyoya ya shingo, nimegusa kitu nilipokuwa namkagua. Mnunuzi hajakiona. Mwenye mali anakijua. Kila mmoja atanong'ona sikioni mwangu, na atakayepatia ndiye nitakayemkabidhi bunda."

Toktosun akatabasamu. Kwa nini asitabasamu? Majira manne ya baridi amemlisha farasi huyu kwa mikono yake, amempiga brashi, amemtoa kwenye theluji ya kufika kifuani.

Nurzat alifumba macho. Bei aliijua, laki moja na ishirini. Tarehe aliyotuma aliijua, na makato ya kutuma. Farasi mwenyewe, kabla ya asubuhi hii, alikuwa amemwona kwenye picha moja tu ya simu, aliyoitazama kila usiku kabla ya kulala mpaka kioo kikapata mkwaruzo. Farasi mwekundu amesimama kwenye nyasi, mkia kidogo umeinuka na upepo. Amesimama ubavu, na ni upande wa kushoto tu unaoonekana.

"Aanze binti," alisema Toktosun kwa upole. "Ndiye mdogo."

Dalali akainama, sikio lake likaja karibu.

Nurzat akafungua mdomo.